Banda la kuku linanuka, matandiko yanalowa na paa halivuji: nivunje au nikarabati?

"Nina banda la kuku nyuma ya nyumba, la mbao na mabati, urefu mita 3 na upana mita 2. Ukuta wa mbele una mita 1.8, wa nyuma 1.5, paa lina mtelemko mmoja kuelekea nyuma. Sakafu ni ya udongo. Kuku wa mayai ni 18. Kila asubuhi nikifungua mlango harufu inanikaba hadi macho yanawasha. Matandiko upande wa nyuma yamelowa, na nakuta matone chini ya mabati hata siku ambazo mvua haikunyesha. Baadhi ya kuku wanapiga chafya. Wengi wanalala kwenye masanduku ya kutagia, hivyo mayai ni machafu. Jirani aliniambia baridi ndiyo inayowaumiza, nizibe matundu yote. Nimeziba na hali imezidi. Fundi anasema nimejaza kuku kupita kiasi, nivunje, nijenge kubwa na nimwage zege. Lengo langu ni kufikisha kuku 30. Nivunje, au hili linatengenezeka?"

Linatengenezeka, mradi nguzo zake ni nzima. Namna ya kuzipima nitaeleza mbele, maana nguzo ndizo pekee zinazoweza kunifanya nikubaliane na fundi wako. Ila kabla hujashika nyundo tuelewane kwanza banda linaumwa nini. Jirani kakupeleka kwenye baridi, fundi kakupeleka kwenye msongamano, na tatizo haliko kote huko. Ni maji. Harufu, matandiko kulowa, matone na chafya vyote vinatokana na unyevu ulioko ndani uliokosa njia ya kutoka, na ndiyo maana ulipoziba matundu mambo yaliharibika zaidi.

Tuanze na msongamano kwa sababu hesabu yake ni fupi. Mita 3 kwa 2 ni mita za mraba 6. Kuku 18 humo ni kuku watatu kwa mita ya mraba, na kwa kuku wa mayai wanaokaa kwenye matandiko na kutoka nje mchana, wanne hadi watano kwa mita ya mraba bado ni kiasi kinachokubalika. Kwa hiyo nafasi unayo. Ukivunja ukajenga banda mara mbili ya hili, ukaliziba vilevile, utakuwa na harufu ileile kwenye banda kubwa.

Sasa maji yenyewe. Kuku wa mayai hunywa takriban robo lita kwa siku hali ya hewa ikiwa ya wastani. Joto likizidi hunywa hata mara mbili. Kuku wako 18 basi hunywa kama lita 4 na nusu kila siku. Yai moja huondoka na kama mililita 45 tu za maji hayo. Yanayobaki karibu yote hutoka kwa njia mbili: pumzi na kinyesi, na kinyesi kibichi cha kuku ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Ukiwafungia usiku kucha katika sanduku lisilo na tundu, sehemu kubwa ya maji hayo inabaki humo humo. Hewa ya joto yenye mvuke hupanda, inagusa bati lililopoa usiku, mvuke unageuka matone. Paa lako linaelekea nyuma, kwa hiyo matone huteremka chini ya bati hadi yanapokutana na mbao za kupigilia mabati, kisha yanadondoka. Ndiyo maana upande wa nyuma ndio unaolowa. Usihangaike kutafuta tundu la msumari linalovuja. Mvua yako inatoka kwa kuku.

Harufu nayo ina maelezo yake. Kuku hakojoi mkojo wa maji kama mbuzi. Taka ya mkojo hutoka pamoja na kinyesi, ndiyo ile sehemu nyeupe, nayo ni asidi ya yuriki. Ikiwa kavu, hukaa bila kusumbua mtu. Ikipata unyevu na joto, bakteria huivunja na kutoa amonia. Pua ya mtu huanza kuisikia amonia ikifika takriban sehemu 10 hadi 20 kwa milioni ya hewa, na ikipita 25 tayari inawadhuru kuku: inachubua macho na kuua vinyweleo vidogo vya kwenye koo la hewa ambavyo kazi yake ni kusukuma nje vumbi na vijidudu. Macho yako yakiwasha, kiwango hicho kimeshapitwa zamani. Na usiupime ubaya wake ukiwa umesimama mlangoni dakika kumi baada ya kufungua, kwa sababu pua huzoea haraka. Pima unapofungua tu, uchuchumae hadi kichwa chako kiwe usawa wa kichwa cha kuku, kisha uvute pumzi mara mbili.

Kuhusu baridi, jirani yako hakukosea kila kitu. Upepo unaompiga kuku moja kwa moja akiwa amelala hufumua manyoya na kuondoa ile hewa ya joto anayoihifadhi humo, na hilo linamdhuru. Lakini kuku mkavu, asiyepigwa na upepo, anastahimili baridi kuliko wengi wanavyodhani. Mafua ya kuku nayo huletwa na bakteria wanaotoka kwa kuku mgonjwa kupitia hewa na maji ya kunywa, baridi haiyazalishi. Kinachofungua mlango kwa bakteria hao ni koo lililochubuliwa na amonia. Kwa hiyo unachotafuta ni hewa inayopita juu ya vichwa vyao bila kuwagusa.

Zibua, basi, lakini mahali panapofaa. Kwenye kuta zote mbili ndefu, mbele na nyuma, toa ubao wa juu kabisa ili kubaki mwanya wenye urefu wa mita 3 kwa kimo cha sentimita 15. Usiguse boriti inayobeba paa. Mwanya ukae chini yake tu. Kanuni ya kukadiria ni kwamba matundu yasiyofungwa kamwe yasipungue moja ya kumi ya eneo la sakafu. Kwako hiyo ni mita za mraba 0.6, na mianya miwili ya sentimita 10 ingetosha kwenye karatasi, ila wavu utakaoweka hula sehemu ya uwazi, ndiyo sababu nimesema 15. Mwanya wa nyuma utaanzia mita 1.35 kutoka chini. Kuku aliyelala kwenye ufito ulio sentimita 70 kutoka chini kichwa chake hakifiki mita 1.1. Hewa itampita juu.

Hiki ndicho kiwango cha mahali penye usiku wa baridi. Kama unaishi penye joto, fungua zaidi: nusu yote ya juu ya kuta ndefu iwe wavu mtupu, na ubaki na turubai la kushusha upande unaopigwa na mvua ya upepo. Kuku hana jasho. Joto likipita nyuzi 30 hivi huanza kuhema kinywa wazi, na kuhema huko kunaongeza mvuke mwingine bandani. Ukiwa karibu na ikweta na bado una uhuru wa kuamua banda lielekee wapi, urefu wake uende mashariki hadi magharibi ili jua la asubuhi na la jioni ligonge kuta fupi. Lako limeshasimama, kwa hiyo kama limeelekea vibaya, kivuli cha mti au upenu mrefu kitafanya kazi hiyo.

Kuhusu upenu, uongeze hadi sentimita 60 mbele na nyuma, bati jipya la nyuma likiingia chini ya la zamani na la mbele likilala juu yake, kwa angalau sentimita 15. Mtelemko wako ni sentimita 30 kwa mita 2, maana yake upenu wa nyuma utashuka kama sentimita 9 chini ya usawa wa ukuta. Hiyo ni faida: unakinga mvua isiingie mwanyani bila kuzuia hewa. Ila ujue kwamba paa litakuwa na zaidi ya mita za mraba 9, na mvua ya milimita 10 tu juu ya paa la namna hiyo ni lita 90 zinazomwagika nyuma ya banda. Weka mfereji wa bati, au chimba mtaro wa upana na kina cha sentimita 30 chini kabisa ya ukingo wa upenu, uujaze kokoto, na uupe mtelemko wa kupeleka maji mbali. Bila hivyo utakausha juu huku ukilowesha chini.

Matandiko sasa. Ondoa yote yaliyopo, kisha kabla ya kuweka mapya fanya jaribio la usiku mmoja litakalokuokoa gharama. Kata nailoni ya sentimita 50 kwa 50, itandaze kwenye udongo mtupu, bana kingo zake kwa mawe, uiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, ardhi inapandisha maji. Yakiwa upande wa juu tu, maji yanatoka hewani na sakafu haina kosa. Pima pia kwa kamba na pima maji kama sakafu ya ndani iko chini kuliko ardhi ya nje. Mara nyingi iko chini, kwa sababu kila unaposafisha banda unaondoka na udongo kidogo.

Hapa ndipo lilipo jambo la zege. Zege lina sifa mbili za kweli: panya hawalichimbi, na linaoshika. Kukausha matandiko si mojawapo. Zege halinywi maji. Unyevu ukidondoka juu yake unabaki juu yake, na wengi hushangaa kuona matandiko yamelowa zaidi baada ya kulimwaga. Nailoni ikikuonyesha upande wa chini mkavu, mimi ningeacha udongo, niushindilie na kuuinua kwa kifusi kikavu hadi upite ardhi ya nje kwa sentimita 10. Ardhi ikipandisha maji, au panya wakiwa ni balaa kwako, basi mwaga: tandaza kokoto, juu yake nailoni nzito, kisha zege la sentimita 7 na nusu lenye mtelemko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mlangoni. Kwa mita zako 6 za mraba, mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne utakula takriban mifuko 3 ya saruji ya kilo 50. Liloweshwe siku 7, halafu liachwe likauke kabisa ndipo uweke matandiko. Watu huharakisha hapa, na unyevu wa zege bichi unaharibu matandiko mapya ndani ya wiki.

Matandiko bora ni maranda ya mbao isiyotiwa dawa, au pumba za mpunga. Vumbi laini la msumeno liache: linashikamana likilowa na linarushwa hewani likikauka. Nyasi zenye ukungu ni hatari, kwani ukungu huo huota hadi kwenye mapafu ya kuku. Anza na kina cha sentimita 10, yaani kama lita 600, magunia sita ya lita 100. Weka ubao wa sentimita 20 kwenye kizingiti ili yasimwagike, na mlango ufunguke kwenda nje. Ukifunguka ndani utakwama. Geuza kwa reki kila wiki. Chukua konzi moja uifinye: likishikamana kisha likaachia ukifungua mkono, ni sawa, likibaki bonge, limelowa, toa sehemu hiyo na uongeze kavu, likitoa vumbi bila kushika hata kidogo, limekauka kupita kiasi. Chombo cha maji kikalie jukwaa la fito lenye trei chini yake, mdomo wake usawa wa mgongo wa kuku. Chombo kilicho chini hulowesha duara la nusu mita kila siku, na hapo ndipo vijidudu vya koksidia, vinavyowaharisha kuku damu, hukomaa.

Tuje kwenye kulala. Kuku hutafuta mahali pa juu kabisa anapopaona giza likiingia. Masanduku yako yakiwa juu kuliko fito, au fito hazitoshi, watalala masandukuni na kunya humo usiku kucha, na huwezi kuwalaumu. Kila kuku anahitaji sentimita 20 za ufito, hivyo 18 wanataka mita 3.6 na ufito mmoja wa mita 3 hautoshi. Weka miwili sambamba na ukuta wa nyuma, wa kwanza sentimita 30 kutoka ukutani, wa pili sentimita 35 mbele yake, yote kwa kimo kimoja cha sentimita 70. Ukiupandisha mmoja kama ngazi, watapigania wa juu kila jioni. Mbao ya sentimita 5 kwa 5 inafaa, kingo zikichongwa kwa randa hadi ziwe mviringo, na kwa mita 3 iwekee mhimili katikati isipinde. Bomba la chuma halifai. Linateleza na linanyonya joto miguuni. Usizipigilie misumari: zikalie kwenye vijino vilivyochongwa ili uweze kuzinyanyua.

Chini ya fito, kwa kimo cha sentimita 50, weka ubao wa kinyesi wenye upana wa sentimita 90 ukitanda urefu wote. Kama kuna jambo moja tu utakalolifanya katika barua hii baada ya kuzibua matundu, liwe hili. Sehemu kubwa ya kinyesi cha siku hudondoka usiku, na kikidondoka kwenye ubao unakikwangua asubuhi kwa dakika tano na kukitoa nje kabla hakijatoa amonia, badala ya kukilimbikiza kwenye matandiko. Nyunyizia ubao maranda kidogo ili kisigande. Nafasi ya chini yake kuku wataitumia kuparua kama kawaida.

Masanduku ya kutagia yahamie ukuta mrefu wa mbele, mkabala na fito. Ukuta huo una mita 3, hivyo sita ya upana wa sentimita 30 yanaenea kwa mstari mmoja, kina sentimita 35, sakafu yao ikiwa sentimita 35 kutoka chini, yaani nusu ya kimo cha fito. Sanduku moja linatosha kuku wanne hadi watano. Mbele weka kizuizi cha sentimita 10, ndani pawe na giza kiasi, juu pawe na mteremko mkali ambao kuku hawezi kusimama. Ukitaka kuokota mayai kutokea nje, usifanye kifuniko cha juu kinachofunguka: bawaba za juu huvuja ndani ya msimu mmoja. Fanya ubao wa pembeni unaoshuka, na paa dogo lisilofunguka liupite kwa sentimita 5. Wiki mbili za kwanza yafunge masanduku jioni kabla ya giza na uyafungue alfajiri, mpaka wazoee fito.

Kuna sababu nyingine inayowafukuza kuku kwenye fito, nayo hukuitaja: utitiri mwekundu. Mchana hujificha kwenye nyufa na ncha za fito, usiku hutoka kunyonya damu. Ingia saa tatu usiku na tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito. Ukiona alama nyekundu, wapo. Katika joto huweza kutoka yai hadi kukomaa ndani ya siku 7, kwa hiyo dawa ya siku moja huua waliopo na kuacha mayai. Rudia kila baada ya wiki, mara tatu. Kuliacha banda tupu mwezi mmoja hakusaidii, kwani huweza kukaa miezi mingi bila kula. Maji yanayochemka kwenye nyufa, kisha chokaa nzito kwa brashi, hufanya kazi kubwa. Dawa ya kuwapaka kuku iulize kwa daktari wa mifugo, pamoja na siku ambazo mayai hayataliwa. Dawa ya mazao shambani usiipeleke bandani, na ile oili chafu ya injini ambayo watu hupaka nguzo na fito pia uiache: ina metali na sumu zinazobaki kwenye manyoya, kuku huyasafisha kwa mdomo, na wewe unakula yai.

Kazi yenyewe ifanye kuku wakiwa nje kwenye uzio wa muda wenye kivuli. Kabla ya kuzoa matandiko ya zamani yanyunyizie maji kidogo yasitoe vumbi, na uvae barakoa inayobana uso, kwa sababu vumbi la kinyesi cha kuku hubeba vijidudu na ukungu unaoingia mapafuni mwa mtu. Kwangua, osha kwa sabuni, acha pakauke, ndipo utie dawa ya kuua vijidudu. Mpangilio huu haubadiliki: klorini ikikutana na uchafu inaishia kwenye uchafu. Ikikutana na kinyesi kibichi chenye amonia inatoa gesi yenye sumu, na kwenye banda lililozibwa kama lako la sasa hilo si jambo la kujaribu. Ukimaliza ujenzi pitisha sumaku sakafuni na uwanjani. Kuku humeza misumari na vipande vya waya, na vikitoboa firigisi kumwokoa ni vigumu.

Mianya mipya izibe kwa wavu uliochomelewa wenye matundu ya milimita 12. Ule mwepesi wa pembe sita unawazuia kuku wasitoke, lakini kicheche au mbwa anaurarua, na panya anapita. Ubane kwa ubao juu yake na skrubu. Pini za kupigilia hung'oka. Chini, laza wavu huohuo juu ya ardhi kwa upana wa sentimita 40 kutoka ukutani kwenda nje, uufunike udongo, kwani mnyama anayechimba huanzia palipo na ukuta. Komeo liwe la kusukuma na kufunga kwa kipete.

Sasa zile nguzo. Fukua udongo kuzunguka kila moja kwa sentimita 10 na ujaribu kuingiza bisibisi usawa wa ardhi, maana ndipo zinapoozea. Ikiingia kwa kubonyeza tu zaidi ya sentimita 2, nguzo hiyo imekufa. Ikiwa ni moja au mbili, zikate juu ya palipooza na uzisimamishe juu ya tofali la zege. Zikiwa nusu ya nguzo zote, fundi ana hoja, vunja. Ana hoja pia kama ardhi inapandisha maji na unalazimika kuinua sakafu kwa sentimita 20 au zaidi: ukuta wa nyuma utabaki mita 1.3, na mwanya utashuka karibu na vichwa vya kuku. Hapo paa lazima lipande, na gharama inakaribia ya banda jipya. Ukijenga upya, upande wa chini wa paa usiwe chini ya mita 2; banda usiloweza kusimama ndani yake huwa halisafishwi. Na kama banda ni la zamani sana, na paa lina vipande vya asbesto (madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu), usivikate wala kuvivunja, tafuta wenye ujuzi na vifaa. Rangi ya zamani inayobanduka huweza kuwa na madini ya risasi, kuku huidonoa, nayo hufika hadi kwenye yai. Isikwanguliwe ovyo karibu na wanapoparua.

Kuhusu kuku 30: watakuwa watano kwa mita ya mraba, fito za mita 6 zitawatosha kwa hesabu kamili bila akiba, masanduku sita ni kiwango cha mwisho, vihori vinatakiwa viwe na urefu wa ukingo wa mita 3, na maji lita 7 na nusu kwa siku ya kawaida. Inawezekana, ila siku tatu za mvua wakishinda ndani zitakurudisha ulipo sasa. Mimi ningesimama 24. Kama 30 ni lazima, uwanja wa nje usiwe chini ya mita za mraba 30, sehemu yake ikiwa na paa.

Wala usiongeze hata mmoja sasa. Kausha banda kwanza, uangalie wiki mbili. Chafya zilizoletwa na amonia hupungua zenyewe hewa ikisafika. Zikiendelea, au ukiona uso umevimba na ute wenye harufu puani, mwite daktari wa mifugo aje aone; usinunue antibiotiki kwa kubahatisha. Kuharisha kijani, shingo kupinda, upanga kugeuka zambarau, au kufa kwa kuku zaidi ya mmoja ndani ya siku mbili, hiyo ni simu ya siku hiyohiyo. Wagonjwa usiwachinje wala kuwauza, mizoga usiishike mikono mitupu, na kuku wasitoke wala kuingia mpaka uambiwe. Wiki hizo mbili zikipita salama, leta wageni, uwatenge wiki tatu hadi nne mbali na wenyeji ukiwahudumia mwisho, uhakikishe chanjo zao za kideri na Gumboro, kisha uwaweke wiki moja wakionana kupitia wavu. Siku ya kuwachanganya, waingize usiku, moja kwa moja kwenye fito.